Sikuvuka Kagitumba

Tarehe 1 Oktoba 1990 wanajeshi wa Uganda wenye asili ya Rwanda, waliokuwa wameacha vikosi vyao kimyakimya na kuwaambia waliowauliza njiani kwamba wanakwenda kujiandaa kwa sherehe za Uhuru za tarehe 9, walivuka mpaka wa Kagitumba na kuanza vita vya kurudi katika nchi ambayo wengi wao waliitoka wakiwa mgongoni mwa mama zao. Wengine hawakuwahi kuiona kabisa. Mimi ni mmoja wa waliotarajiwa katika safari hiyo na ambao hawakwenda, ingawa niliijua kabla haijaanza na ingawa mdogo wangu wa tumbo moja alikuwamo.

Nimeulizwa sababu na watu wa pande zote mbili, na mara nyingi swali lenyewe huja likiwa limekwisha kubeba jibu. Wa upande mmoja hutaka niseme kwamba niliipenda Uganda kuliko damu yangu. Wa upande wa pili hungoja nikiri kwamba niliogopa. Tangu nistaafu na kurudi kwenye ng'ombe nimepata muda wa kuyapima mambo haya bila haraka, nami nimefikia maoni ambayo wenzangu wengi hawayapendi: kwamba kati ya wale niliowafahamu mimi, kilichoamua nani avuke na nani abaki hakikuwa ujasiri wala uzalendo, bali mahali mtu alipolelewa. Waliokulia kambini walivuka karibu wote. Waliokulia katika nyumba za watu wengine walisita, na baadhi yetu tukabaki.

Mama alinivusha mpaka akiwa amenibeba, baada ya machafuko yaliyoanza Novemba 1959 na kuwaondoa Watutsi wengi katika milima yao hata kabla Rwanda haijapata uhuru. Tulifikia kambi ya Nakivale, kusini mwa Mbarara, nchi yenye ziwa zuri na mbung'o wengi, na ng'ombe wachache ambao watu walifanikiwa kuvuka nao wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine. Baba naye alifariki humo kwa homa, wakati mdogo wangu angali mchanga. Ninayoyakumbuka ya kambi ni machache, lakini moja silisahau: watu walijenga vibanda vyao kwa kufuata majirani wa zamani, mlima kwa mlima, kiasi kwamba mzee mmoja angeweza kukuonyesha kwa fimbo yake jinsi tarafa nzima ya Rwanda ilivyokaa pale juu ya ardhi ya Ankole, kusini magharibi mwa Uganda. Watoto walifundishwa majina ya milima hiyo jioni, kama wengine wanavyofundishwa sala, na kila mwaka uliambiwa kwamba ujao ndio wa kurudi.

Mimi sikuyamaliza masomo hayo. Nilipofika umri wa kwenda shule, mfugaji mmoja wa Kihima kutoka upande wa Nyabushozi, aliyekuwa akifika kambini kwa shughuli za ngozi na maziwa, alikubaliana na mama anichukue nikamchungie ndama, naye anipeleke shule pamoja na wanawe. Wengi waliochukuliwa kwa makubaliano ya namna hiyo waliishia kuwa vibarua wasio na ujira, na sina haja ya kulificha jambo hilo. Mimi nilibahatika. Mzee yule alitimiza alichoahidi, akanilipia karo miaka yote, akanilaza chumba kimoja na watoto wake, akanichapa tulipokosa wote na kunisifu nilipostahili peke yangu. Nilimwita baba bila kuambiwa nimwite hivyo. Lugha ya Wanyankole na yetu zinakaribiana vya kutosha mtoto kuhama kutoka moja kwenda nyingine bila kujua siku aliyohama, na baada ya muda mama alipokuja kunitazama alinikuta nikiongea Kinyarwanda chenye lafudhi iliyomfanya anyamaze kidogo kabla ya kuendelea na salamu.

Watu wa nje ya eneo letu huenda hawajui kwamba Ankole na Rwanda zote mbili zina sanaa ya majigambo, ambayo Ankole huitwa ebyevugo na Rwanda ibyivugo, ambapo mwanamume husimama mbele ya watu, mkuki au fimbo mkononi, na kujitaja kwa jina la sifa alilolipata vitani au machungani, mstari mmoja kwa pumzi moja, haraka kama mtu anayekimbizwa. Anataja aliowashinda, ng'ombe aliowaokoa, na watu anaotokana nao. Mzee alitufundisha sisi vijana wa nyumbani kwake kwa ukali, kwa sababu aliamini kwamba mwanamume asiyeweza kujitaja hadharani hawezi kuaminiwa gizani. Nilikuwa mwepesi kuliko wanawe wawili wakubwa, na katika harusi moja nilisimamishwa mimi. Nikajitaja kama nilivyofundishwa, nikishukia kwa babu wa mzee yule na babu wa babu yake, watu ambao damu yao haimo mwilini mwangu hata tone, na wageni wakapiga vigelegele.

Mama alikuwapo. Usiku ule aliniita nje ya nyumba ya wageni, akanifundisha kwa sauti ya chini kivugo cha baba yangu, mstari kwa mstari, akikirudia mpaka nikakishika. Hakunilaumu kwa kile cha kwanza wala hakuniambia nikiache. Nilirudi kulala nikiwa na vivugo viwili, cha kwanza kikinitoka bila kufikiri, cha pili nikilazimika kukitafuta. Hali hiyo haijabadilika mpaka leo. Nilipokuwa msituni baadaye na wapiganaji wakajitaja kuzunguka moto, kilichonitoka ni kile cha mzee, na mdogo wangu, aliyekuja kusimuliwa habari hiyo na watu wengine, husema kwamba yeye angejua tangu hapo kwamba sitavuka.

Vita vilinikuta nikiwa kijana. Februari 1979 majeshi ya Tanzania yalipoiteka Mbarara yakiwa na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, kundi la FRONASA la Yoweri Museveni liliandikisha vijana wengi wa Ankole, na wengi miongoni mwetu walikuwa watoto wa wakimbizi. Hakuna aliyetuuliza tulizaliwa wapi. Idi Amin aliondolewa Kampala Aprili mwaka huohuo, uchaguzi wa Desemba 1980 ukaleta ugomvi mpya, na tarehe 6 Februari 1981 Museveni akaanza uasi kwa kushambulia kambi ya jeshi ya Kabamba akiwa na bunduki 27, miongoni mwa waliokuwa naye wakiwa vijana wawili waliolelewa ukimbizini, Fred Rwigyema na Paul Kagame. Mimi sikuwa miongoni mwa wale wa kwanza. Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa mzee, nikidhani nimemaliza mambo ya bunduki.

Kilichonirudisha ni Oktoba 1982. Mwezi huo Wanyarwanda wa Ankole walifukuzwa katika makazi yao, nyumba zikachomwa na ng'ombe wakanyang'anywa, na maelfu kwa maelfu wakasukumwa ama kambini ama mpakani, ambako Rwanda nayo iliufunga mpaka na kuwaacha wengine wamekwama kati ya nchi mbili. Vijana waliofika nyumbani kwa mzee walikuwa na orodha, na jina langu lilikuwamo. Mzee alisimama mlangoni akawaambia kwamba katika nyumba yake kuna wanawe tu, na kwamba anayetaka kuwahesabu aanze na yeye. Waliondoka na ng'ombe kumi hivi badala yangu. Hakunieleza thamani ya kilichotokea, bali asubuhi yake alinikabidhi nauli na kuniambia kwamba kama nina akili nitakwenda waliko wenzangu, kwa sababu mara ya pili huenda wasikubali ng'ombe.

Katika pembetatu ya Luwero, kaskazini mwa Kampala, nilikojiunga na waasi wa Museveni, nilijifunza Kiswahili hiki ninachokiandika, kwa kuwa ndicho tulichoamriwa na kuapishwa nacho, Munyankole, Muganda, Munyarwanda na mtu wa kaskazini wakawa wanaitana afande kwa ulimi mmoja. Ila tulilazimika kuwa waangalifu nacho. Wanavijiji wa Bulemezi, sehemu ya eneo hilo, walikuwa wamezoea kukisikia Kiswahili kikitoka kwa askari wa vizuizini waliowapora, kwa hiyo mtu aliyeingia uwanjani akiamkua kwa Kiswahili aliwafanya wakimbilie migombani. Tulijifunza kusalimu kwanza kwa Luganda. Walitulisha muhogo walioutoa katika mashamba ambayo wenyewe waliogopa kuyalima, walituficha, na walikufa kwa ajili hiyo kwa wingi ambao mafuvu yaliyokusanywa barabarani baada ya vita yaliuonyesha ulimwengu mzima. Sijawahi kusikia mtu wa Luwero akiniuliza kabila kabla hajanipa chakula. Serikali ya wakati ule, kwa upande wake, ilitangaza kwamba waasi wote ni Wanyarwanda, Museveni mwenyewe akiwamo, na Wanyankole na Baganda waliokuwa nasi wakalichukua jina hilo kwa mzaha, wakawa wanaitana hivyo kwenye foleni ya posho.

Januari 1986 tuliingia Kampala. Makadirio yaliyozoeleka ni kwamba kati ya wapiganaji kama 14,000, watu wapatao 3,000 walikuwa wa asili ya Rwanda. Rwigyema akawa Naibu Kamanda wa Jeshi na baadaye Naibu Waziri wa Ulinzi, na vyeo rasmi vilipotolewa mwaka 1988 alipewa umeja jenerali. Miaka ile mtu angeweza kudhani kwamba swali la asili limezikwa Luwero pamoja na waliokufa. Haikuwa hivyo. Minong'ono ilianza mapema kwamba wageni wamejaa jeshini, mwishoni mwa 1989 Rwigyema akaondolewa katika nafasi zake, na Agosti 1990 mjadala wa bungeni kuhusu ardhi ya maranchi ya Mawogola ukageuka kuwa mjadala wa nani ana haki ya kumiliki ardhi Uganda na nani hana. Wakati huohuo chama cha RPF, kilichokuja kuongoza kuvuka kule na kilichozaliwa Desemba 1987 kutokana na jumuiya ya zamani ya wakimbizi, kilikuwa kimekwisha kujijenga ndani ya jeshi kwa utaratibu na siri ambayo mpaka leo huwa naistaajabia.

Mapema Septemba mdogo wangu alikuja kuniona. Nilikuwa naongoza kombania karibu na Soroti, mashariki mwa Uganda, kwenye vita dhidi ya waasi wa Teso ambavyo havikuwa na sifa yoyote ya kujigamba, nikiwa na askari wa kila pembe ya nchi, wengi wao vijana sana. Alifika na kibali cha likizo, akakaa nami siku moja akizungumzia afya ya mama na bei ya ng'ombe, na ilipofika usiku akaniambia, "Kaka, tunarudi nyumbani." Nilimuuliza nyumbani wapi, nikiwa namaanisha swali langu kikamilifu. Alinitazama muda mrefu. Baadaye aliniambia kwamba hakukasirishwa na swali, alikasirishwa kwamba nililiuliza kwa Kinyankole, wakati yeye alikuwa akiongea nami Kinyarwanda, na kwamba mimi mwenyewe sikutambua.

Tuliongea mpaka alfajiri. Yeye alikuwa na milima yote kichwani, ile ya baba, ya mama na ya majirani, ijapokuwa alizaliwa Nakivale na hajaiona hata mmoja. Aliweza kunieleza mto unapita upande gani wa nyumba ambayo ilichomwa kabla hajazaliwa. Aliniambia kwamba mwacha asili ni mtumwa. Nikamjibu kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Yeye akasema kwamba walezi wenyewe wameanza kutuonyesha mlango, na kwamba kama bunge linajadili mahali pa kuchungia ng'ombe wetu sasa, watoto wetu watajadiliwa wao wenyewe. Katika hilo sikuwa na la kumjibu, na nilimwambia hivyo.

Lakini nilikuwa na mambo yangu. Chini yangu kulikuwa na vijana ambao, ningeondoka usiku, wangeamka asubuhi bila kiongozi katikati ya eneo la adui. Nyabushozi kulikuwa na mzee aliyetoa ng'ombe kunikomboa. Luwero kulikuwa na makaburi ya watu waliokufa kwa kunificha. Hao wote niliwajua kwa sura. Rwanda niliijua kwa habari, nami sikuweza kujilazimisha kuihisi kama alivyoihisi yeye, kama vile ndama aliyenyonyeshwa na ng'ombe wa jirani asivyoweza kufundishwa kwa maneno harufu ya mama yake. Nilimwambia sitakwenda. Hakuniita mwoga. Aliniuliza jambo moja tu, kama nitawataja.

Kanuni za jeshi zilinitaka niwataje. Nilikuwa nimeapa, na kiapo hakikuwa na kifungu cha kumsamehe ndugu. Watu wanaodhani kwamba kubaki kulikuwa njia rahisi ya mtu mtiifu hawajafikiri juu ya wiki zile, kwa maana nilibaki katika jeshi ambalo nilikuwa nikilificha jambo kubwa kuliko yote ambayo afisa wa cheo changu angeweza kulijua. Nilijipa sababu nyingi. Nilijiambia kwamba wakubwa lazima wanajua, kwani haiwezekani watu wengi kiasi hicho wakajiandaa bila kuonekana, na bado watu wanabishana mpaka leo kuhusu nani alijua nini. Nilijiambia kwamba hawaishambulii Uganda. Sababu ya kweli ilikuwa nyepesi kuliko zote: nisingeweza kumtia mdogo wangu mbaroni, na nisingeweza kwenda naye. Niliyakataa yote mawili, na nafasi iliyobaki katikati ilikuwa nyembamba sana. Kama ningerudishwa pale ningefanya vilevile, na sikubaliani na wanaosema kwamba kati ya utii na usaliti hakuna mahali pa mtu kusimama. Pako, ila hapakaliki kwa raha.

Habari za kuvuka zilitufikia kwa redio. Rwigyema aliuawa siku ya pili, tarehe 2 Oktoba, na kwa muda kifo chake kilifichwa hata kwa wapiganaji wake mwenyewe. Maafisa Bunyenyezi na Bayingana, ambao nao walitoka jeshi la Uganda, waliuawa mwezi huohuo, na Kagame akarudi kutoka masomoni Marekani kuchukua uongozi wa jeshi lililokuwa limesambaratika. Kila jina nililolisikia lilikuwa la mtu niliyewahi kula naye. Mimi nilikuwa naitwa kuhojiwa. Waliobaki walishukiwa kuliko waliokwenda, jambo ambalo lina mantiki yake: aliyekwenda ameonyesha alipo, aliyebaki unaweza kumdhania lolote. Mwanzoni nilijitetea sana. Nilitaja vita nilivyopigana, majeraha, miaka, nikileta ushahidi wa uaminifu wangu kwa kila aliyeuomba, mpaka nikaona kwamba kila ninapotoa ushahidi huombwa mwingine, na kwamba wenzangu Wanyankole waliokuwa wavivu na wezi hawakuwahi kuombwa hata mmoja. Tangu hapo niliacha. Nilifanya kazi yangu, na aliyeniuliza uaminifu wangu uko wapi nilimwelekeza kwenye kombania yangu akaikague.

Ya 1994 nitayapita upesi, si kwa kuwa ni madogo. Kati ya Aprili na Julai mwaka ule jamaa za mama waliokuwa wamebaki Rwanda, wale ambao hawakukimbia mwaka 1959, waliuawa takriban wote. Mdogo wangu aliingia Kigali na jeshi la RPF, akiwa amejeruhiwa mguu. Mama akarudi, akapata mahali pa kuchungia upande wa Mutara, kaskazini mashariki mwa Rwanda, pamoja na wakimbizi wengine wa zamani, na alipofika alinitumia ujumbe mfupi kwamba milima ni ileile lakini watu hawapo. Sijui kama mtu ambaye hakushiriki anaruhusiwa kuhuzunika sawa na aliyeshiriki. Nilihuzunika hata hivyo, bila kuomba ruhusa.

Kisangani ndiyo iliyonipasua. Uganda na Rwanda ziliingia Kongo mwaka 1998 zikiwa washirika, zikaanza kugombana mwaka uliofuata, na kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi hayo mawili yalipigana ndani ya mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao, mizinga ikianguka juu ya nyumba za raia ambao mamia yao walikufa. Ugomvi wa kwenye daraja la mto Tshopo hauwezi kuelezwa kwa mtu asiyejua tulikotoka. Amri zao na zetu zilikuwa ni zilezile, kwa Kiswahili kilekile tulichojifunza msituni, na siku ya tatu katika chombo cha mawasiliano nilisikia upande wa pili sauti ya mtu niliyeshiriki naye handaki Luwero, akiwapanga watu wake kwa maneno yaleyale aliyokuwa akitupangia sisi. Nilijua atakachofanya kabla hajakifanya. Nilimweleza mkubwa wangu watu wale watapitia wapi, na nilikuwa sahihi. Tofauti na mwaka 1990, safari hii nilitaja.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mara ya kwanza nilinyamaza na mara ya pili nikasema, na jibu ninaloliamini ni kwamba mara ya pili walikuwa wakija kuwaua vijana waliokuwa chini yangu, na mara ya kwanza hawakuwa wakija kumwua mtu yeyote aliye wangu. Si jibu la sheria. Wala si jibu la asili, maana asili ingenitaka ninyamaze mara zote mbili, na kiapo kingenitaka niseme mara zote mbili. Kilichoniongoza ni hesabu ya watu niliowajibika kwao, mmoja mmoja. Naiona hesabu hiyo kuwa ya kutegemeka kuliko bendera, hata kama haimfai mwanasiasa.

Baada ya kustaafu nilikutana na hesabu ya namna nyingine. Uandikishaji wa vitambulisho vya taifa ulipoanza mwaka 2014, nilifika kwenye meza ya ofisi moja na kuulizwa niliingiaje kuwa raia. Katiba ya 1995 inawataja Wanyarwanda miongoni mwa jamii zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda kufikia tarehe 1 Februari 1926, kwa kuwa mipaka iliyochorwa na Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji mwaka 1910 iliwaacha wengi upande huu, hasa kule Kisoro; lakini mimi sikutokana na hao, nilibebwa kuvuka baadaye, na katiba hiyohiyo ina tahadhari kubwa na watoto wa wakimbizi. Watoto wangu ni raia wa kuzaliwa kwa sababu mama yao ni Munyankole. Baba yao aliyeingia Kampala na bunduki mwaka 1986 ndiye aliyekuwa na shida. Karani, kijana mwenye nia njema, alininong'oneza niandike Kisoro. Wana wa mzee wakaja na pendekezo bora zaidi: wangeapa kwamba mimi ni mtoto wa baba yao wa kumzaa, na hakuna mtu Nyabushozi ambaye angepinga.

Nilikataa, na mke wangu alinikasirikia kwa muda mrefu. Uongo wenyewe haukunitisha, kwani nimeishi na siri kubwa kuliko huo. Ni kwamba kama ningeandikwa mtoto wa damu wa mzee yule, basi alichofanya mlangoni mwaka 1982 kingekuwa ni wajibu tu wa baba kwa mwanawe, jambo ambalo hata mtu wa kawaida hulifanya. Yeye alimkinga mtoto wa mtu mwingine. Niliandika kwamba nilizaliwa Rwanda, nikataja jina la baba yangu, nikaomba uraia kwa njia ndefu ya wageni, na nikaupata baada ya kusubiri sana.

Mpaka wa Katuna ulipofungwa Februari 2019 kwa ugomvi wa serikali zetu mbili, mama alikuwa mzee na hakuweza kusafiri, akafariki kabla haujafunguliwa tena Januari 2022. Mdogo wangu alimzika bila mimi. Njia ilipofunguka alikuja na gari la abiria, mguu wake ukimsumbua, tukakaa barazani kama tulivyokaa Soroti, na hakuchelewa kulirudia lile ambalo amelirudia kila tunapokutana. Kama wote wangefikiri kama wewe, alisema, mama angefia Nakivale.

Ni kweli, na sina jibu lake. Nimemwambia pia kwamba hata kwa kulijua hilo ningebaki, na kwamba vijana wale wa Soroti, ambao wengi wao wana wajukuu sasa, bado hunipigia simu. Yeye husema hilo si jibu. Mimi husema sikulitoa kama jibu. Mke wangu huleta maziwa, na hapo sisi huhamia kwenye ubishi wa ng'ombe, ambako yeye hudai wa Mutara ni wakubwa kuliko wa Nyabushozi, na katika hilo ana makosa.